Ushanga Mweusi: Kumsoma Illich Upya Kabla ya Kambi ya Watoto

Wandugu, kila mwaka wageni wanapokaribia kufika, kule mwezi wa sita, kuna maandishi yanaanza kuzunguka kati yetu sisi wenye diplome. Ni hotuba ya Ivan Illich, ile aliyoitoa Cuernavaca, Mexico, tarehe 20 mwezi wa nne 1968, mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini wakati wa likizo yao. Kichwa chake kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: nia njema ziende zake motoni. Mwenye kuituma haongezi kitu, anaweka alama ya moto na basi. Wengine wanajibu "kweli kabisa". Kesho yake hao hao wanaandikisha majina yao kwa kazi ya ukalimani katika kambi ya watoto, juu dola inatakiwa.

Siwacheki. Mimi mwenyewe nimekalimani vakansi mbili. Na mwaka huu komite yetu imepokea tena barua: kundi la kanisa moja la Marekani linataka wakalimani wanane kwa kambi ya siku tano, mwezi wa saba, hapa Lubumbashi. Kabla hatujajibu nataka tuisome hotuba hiyo kwa utulivu, maana naona tunaitumia kama fimbo tu, na fimbo yenyewe ina sehemu imeoza.

Kwanza tumpe Illich haki yake. Alizaliwa Vienna mwaka 1926, akawa padri, akafanya kazi New York katikati ya watu wa Puerto Rico, kisha akafungua kituo pale Cuernavaca ambapo wamisionari walikuja kujifunza Kihispania. Kwa hiyo hakuwa mtu wa nje anayerusha mawe. Alikuwa anawajua vijana hao, aliona wanavyofika na wanavyoondoka. Aliwaambia usoni kwamba hawawezi kusaidia watu ambao hawajui lugha yao, kwamba wanakuja kuuza namna ya kuishi ya Marekani bila kujua kuwa wanaiuza, na kwamba kama wanataka kweli kutumikia maskini waanze nyumbani kwao, mahali ambapo maskini ataweza kuwaambia kwa Kiingereza waondoke. Mwisho akawaomba waje Mexico kutazama, kupanda milima, kufurahia maua, kusoma. Kusaidia, hapana.

Wale wanafunzi wa 1968 hawakuwa wa kambi ya watoto, ni kweli. Lakini mtu aliyekaa siku tano kwenye kiwanja cha kanisa kule Katuba, mwezi wa saba, asubuhi baridi inauma na vumbi limeshaamka, ataona ni umbo lilelile. Vijana wa miaka 19, 20, wenye fulana za rangi moja. Sanduku la puto, mipira, kalamu za rangi. Programu imeandikwa na mtu aliye mbali, saa kwa saa: wimbo, mchezo, hadithi, kazi ya mikono, sala. Siku ya kwanza tuliandika watoto 240. Siku ya tatu hakuna aliyehesabu tena, maana habari ya bukari na samaki ilikuwa imefika mpaka avenyu ya mwisho.

Kitu kinachonifanya nimwamini Illich ni ushanga.

Wengi wenu mnaujua huo mchezo. Mtoto anapewa kamba na shanga tano, anazifunga mkononi, kila rangi ina somo lake. Nyeusi ni zambi. Nyekundu ni damu ya Yesu. Nyeupe ni moyo uliosafishwa. Dhahabu ni mbingu, kijani ni kukua. Mambo hayo yametoka katika kile kinachoitwa Kitabu Kisicho na Maneno, ambacho kina kurasa za rangi tupu. Spurgeon, mhubiri wa London, alikihubiri mwaka 1866 kikiwa na rangi tatu: nyeusi, nyekundu, nyeupe. Moody wa Marekani akaongeza dhahabu mwaka 1875, na kijani ikaja katika karne ya 20. Wazo lilikuwa zuri kwa namna yake: hata asiyejua kusoma ataelewa, hata lugha ikikosekana rangi itasema. Ni kitu cha ajabu kidogo kwamba kitabu kisichohitaji maneno kinaajiri wakalimani wanane.

Sasa chukua ushanga huo, uuweke katika mkono wa mtoto wa Katuba. Dada mmoja wa kwao, mpole kabisa, ameinua ushanga mweusi mbele ya watoto thelathini na anasema kwa sauti ya upendo kwamba hii nyeusi ndiyo ubaya ulio ndani yetu. Kisha anainua mweupe. Na yeye mwenyewe ni mweupe. Hakuna hata mmoja kati ya waliotengeneza programu aliyefikiria picha hiyo itaonekanaje kutoka chini, pale watoto wamekaa.

Katika kundi langu nilisema hivi: "Rangi hii ni giza, kama usiku stima imekatwa na mutu haone njia." Yule dada alinitazama, sentensi yangu ilikuwa ndefu kuliko yake. Nikamweleza wakati wa mapumziko, akanyamaza, akasema hajawahi kufikiria. Katika kundi la jirani mwenzetu alitafsiri neno kwa neno, na hakukosea, maana ndicho kilichosemwa: "Nyeusi njo zambi." Mtoto mmoja wa kiume akamgeukia mwenzake mwenye ngozi nyeusi zaidi, akamchoma na kidole kwenye shavu: "Basi weye njo zambi!" Watoto wote wakaanguka kwa kicheko. Na kijana wa kujitolea, kwa kuona wanacheka, akacheka nao na kupiga makofi.

Hapo Illich ana haki mia kwa mia. Asiyejua lugha hasikii hata anapochekwa, wala hasikii mtoto akiumizwa mbele yake kwa vifaa alivyoleta yeye mwenyewe katika sanduku.

Lakini angalieni nani alisikia. Mimi nilisikia. Mwenzangu alisikia. Mama wa jikoni aliyekuwa anapita na sufuria alisikia na akatoa mlio wa kusikitika. Monitere wa kanisa, ambaye anafundisha watoto hao kila siku ya Mungu mwaka mzima bila hata franka moja, alisikia, na jioni alimwita yule mtoto aliyechekwa, akakaa naye kwenye benchi. Sijui alimwambia nini, sikuwa karibu. Nilichoona ni kwamba kesho yake mtoto alirudi na alikuwa mbele kabisa katika mstari wa wimbo.

Watu hawa hawamo katika hotuba ya Illich. Ukiisoma tangu mwanzo mpaka mwisho unakuta wapo wanafunzi wa Marekani, yupo Illich anayewakemea, na nyuma yao kuna wanakijiji wa Mexico kama miti. Wanasumbuliwa, wanadharauliwa, wanavumilia. Hakuna anayefanya kitu. Hakuna mkalimani anayebadilisha sentensi katikati ya njia, hakuna mama anayepanga chakula, hakuna kiongozi wa kijiji anayejua vizuri kwa nini amewakubali wageni na anapata nini. Mimi naita hiyo kasoro kubwa, na si ya mtindo tu. Maana kama mwenyeji hana mikono katika habari, basi dawa ya ugonjwa nayo inabaki mikononi mwa mgeni: ni yeye wa kuamua aje au asije, awe mnyenyekevu au asiwe. Tunasoma hotuba inayomshambulia mgeni na bado mgeni ndiye anayetawala ukurasa.

Hata ushauri wake wa mwisho, uje utazame, usome, unanikwaza. Kwa mtu wa Lubumbashi unasikika namna gani? Sawa, waje waone maporomoko ya Lofoi, yapo na ni mazuri, kama barabara itawaruhusu. Lakini hiyo ni barabara ya upande mmoja. Mwanafunzi wa Marekani ana hiari: anaweza kuja kama msaidizi, kama mtalii, kama mwanafunzi. Mwalimu wetu wa Biblia ya vakansi hawezi kwenda kwao kutazama maua yao. Sisi tunaojua foleni ya viza, picha mbili, karatasi ya benki, barua ya mwaliko, kisha kijikaratasi kinachosema hapana, tunajua kwamba "kutembeleana" ni neno la watu wenye pasipoti fulani. Illich alizungumzia nguvu ya Mmarekani na alimtaka aiache. Hakugusa hii ya mpaka, ambayo mgeni hawezi kuiacha hata akitaka.

Niseme kitu kingine ambacho wapenzi wa Illich hawapendi. Watoto walifurahi. Sisemi walidanganywa wakadhani wamefurahi. Vakansi katika karitye zetu ni ndefu, masomo yanafungwa mwanzo wa mwezi wa saba mpaka mwezi wa tisa, baba yuko kwenye machimbo, mama yuko sokoni, na mtoto anazunguka na tairi. Siku tano za mpira wa kweli, nyimbo mpya, chakula cha mchana, mtu mkubwa anayekuita kwa jina lako: hicho ni kitu. Nimeona mtoto aliyeficha kipande cha samaki ndani ya karatasi ya kuchora ili ampelekee mdogo wake. Ukiniambia kambi hiyo ni ukoloni tu, nitakuuliza mtoto huyo umemletea nini weye mwezi wa saba.

Tena kati ya wageni alikuwepo mmoja, mama wa makamo, ambaye siku ya pili aliacha kundi lake akaenda jikoni. Hakuomba mkalimani. Akaonyeshwa kuosha sombe, akaonyeshwa kusonga bukari, akashindwa, akachekwa sana, akacheka. Akina mama walimpa munkoyo, akanywa kikombe kizima. Sijui alimsoma Illich au la. Lakini hakuna mahali pake katika programu, na katika picha walizopiga kwa ajili ya kanisa lao hayumo, maana aliyekaa jikoni hapigwi picha na watoto.

Sasa nifike kwenye neno linalonisumbua kuliko ushanga. Siku ya mwisho, wakati wa kuagana, watu wote wanalia, na mimi nilikuwa nakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kijana mmoja amepiga magoti mbele ya mtoto wa kike wa miaka tisa hivi. Anasema: mwambie sitamsahau, mwambie nitarudi kwa ajili yake. Alikuwa anasema kweli, machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikatafsiri. Kazi ya mkalimani ni hiyo. Katika lugha yake, saa ile, hayo ni maneno ya moyo kujaa, hata yeye baada ya wiki mbili asingeyakumbuka kama ahadi. Katika masikio ya mtoto ambaye baba yake aliondoka kwenda Kolwezi akisema nitarudi, ni habari nyingine kabisa.

Mwaka uliofuata wageni hawakuja. Mwezi wa nane nilikutana na mtoto huyo na mama yake kwenye soko la Katuba, kamba yake ya shanga bado iko mkononi, imebaki na shanga mbili. Akaniuliza: "Yaya, ule mugeni wangu atafika siku gani?" Mama yake akanitazama mimi. Hakumtazama mgeni, mgeni alikuwa bara lingine. Ahadi ilitoka katika kinywa changu, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu, na mtoto anajua sauti hiyo inaishi hapa.

Ndiyo maana nasema swali la Illich halitutoshi. Yeye anauliza: je, mgeni aje? Swali letu ni lingine: nani anapanga, nani anashika feza, nani anabaki kujibu? Na swali hilo Waafrika waliliuliza zamani kwa sauti kubwa, ila hatuzungushi maandishi yao. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, katikati ya Wamarekani waliokusanyika kwa mambo ya misioni, akasema wamisionari waondoke kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kila upande ujitazame upya. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa yote ya Afrika ulifanyika Lusaka, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, safari ya siku moja kwa basi, na ukaunga mkono wazo hilo la kusimamisha watu na feza kutoka nje. Mwaka huo huo Eboussi Boulaga wa Kameruni, ambaye wenzetu wa filozofia wanamjua vizuri, aliandika kwamba wamisionari wajipange kuondoka. Gatu hakuwa anamkemea kijana mwenye gita. Alikuwa anasema kanisa la Afrika halitajua uwezo wake mpaka mkono wa mwingine utoke mfukoni na katika programu. Ni hoja ngumu zaidi kuliko ya Illich, maana inatudai sisi pia.

Na haikufuatwa sana, tuseme ukweli. Makanisa mengi yaliogopa, mishahara ya wachungaji ilikuwa inatoka kule. Sisi wenyewe hapa, posho ya wakalimani ikikatwa, tutaona nani atabaki na hoja.

Kuna mtu atanikumbusha Tempels, na ana haki, hatuwezi kuongea habari hizi Katanga bila yeye. Mbelgiji huyo alifika Kongo mwaka 1933, akakaa miaka mingi akifundisha kama bwana, kisha akaanza kuuliza watu wanatamani nini. Katika miaka ya 1950, kule upande wa Kolwezi, katikati ya wafanyakazi wa migodi, ikazaliwa Jamaa. Wazee wetu wengi walikuwa humo, waliitana baba na mama, mafundisho yao yalikwenda kwa Kiswahili, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Tempels naye alipigwa vizuri na wakosoaji: Césaire hakumwacha, na Eboussi Boulaga alimrudia mwaka 1968, mwaka ule ule wa hotuba ya Cuernavaca. Simleti hapa kama mtakatifu. Namleta kwa kitu kimoja: katika Jamaa mgeni na mwenyeji walikaa ndani ya lugha ya mwenyeji, na aliyekosea neno alikuwa mgeni. Katika kambi zetu za siku tano lugha yetu ni ya kutafsiriwa tu, inakuja ya pili kila mara, hata wakati wa kusali.

Basi, barua iko mezani mwa komite. Wengine wanasema tukatae, Illich mkononi. Mimi sikubali, juu tukikataa watachukua wakalimani wengine, wenye Kiingereza cha kubahatisha, na ushanga mweusi utabaki zambi. Wengine wanasema tukubali tu, ni kazi kama kazi nyingine. Hao nao sikubaliani nao. Mkalimani wa mkutano wa kampuni anatafsiri na kwenda nyumbani. Sisi tunakutana na watoto hao sokoni.

Ninachopendekeza ni kwamba barua isijibiwe na sisi. Ijibiwe na monitere wa makanisa manne ya karitye ile, wale wanaofundisha mwaka mzima. Nimekwisha ongea na wawili wao. Mmoja, mama ambaye ameendesha Biblia ya vakansi tangu nilipokuwa mtoto mimi mwenyewe, ana daftari lake: hadithi zake, michezo yake, nyimbo ambazo watoto wanazijua, hesabu ya unga kwa siku. Kamba na shanga hazimo. Nilipomuuliza angependa wageni wafanye nini, alifikiri kidogo akasema: "Baje, lakini bakae na batoto, bakafate ile sisi tunafanya. Na mwenye kupenda kuahidi, aniambie miye kwanza." Kisha akauliza kama wanaweza kuleta unga badala ya puto.

Hiyo ndiyo programu. Komite iipige mashine kama ilivyo, kwa Kiswahili, iitume Marekani kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Kule kwao kutafuta mtu wa kuwatafsiria haitakuwa shida, Wakongo wako wengi siku hizi katika miji yao, na baadhi yao wanakaa katika benchi za makanisa hayo hayo. Wakikubali daftari la yule mama, mimi jina langu liwekwe kati ya wanane, hata posho ikiwa nusu. Wakijibu kwamba programu yao imekwisha chapwa, tutakuwa tumejua mapema, na kambi ya mama itafanyika vilevile wiki ya pili ya mwezi wa nane, pale pale, kwa unga ambao tutauchangia sisi. Gunia tatu zinatosha, amepiga hesabu.